Mgonjwa wa plastiki: jinsi roboti zinavyowafunza watumishi wapya wa afya

Tarajali, yaani mhitimu wa fani ya afya aliye kwenye mwaka wa mafunzo kazini, anapofika wodini wiki yake ya kwanza hapa Dar es Salaam, iwe hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, kichwa chake kimejaa. Miaka ya chuo imempa majina ya mishipa, dozi za dawa na hatua za kumhudumia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Mikono ndiyo haijazoea. Anajua kwamba barakoa ya kupulizia hewa lazima izibe vizuri mdomo na pua ya mtoto, lakini hajawahi kuikalisha yeye mwenyewe usiku wa manane, mtoto amelegea, mama anauliza mbona halii.

Kwa miaka mingi mikono hiyo imezoea kwa wagonjwa. Mkubwa wako anakuonyesha mara moja, mara ya pili unafanya wewe yeye akiwa pembeni, mara ya tatu uko peke yako kwa sababu foleni ni ndefu. Utaratibu huo umetoa madaktari na wakunga wengi wazuri, na siudharau. Ila una gharama ambayo hatuisemi kwa sauti: daima kuna mama au mtoto fulani anayekuwa wa kwanza, na hakuna aliyemwomba ridhaa ya kuwa somo. Ndiyo maana mimi naliona suala la roboti za mafunzo kuwa suala la haki ya mgonjwa kabla halijawa suala la teknolojia.

Wengi wakisikia habari za roboti hospitalini huwaza muuguzi wa chuma anayezunguka wodini akigawa vidonge. Roboti za mafunzo hazitembei. Zimelala kitandani na kazi yao ni kuugua: zinapumua kwa shida, zinatoka jasho, zinavuja damu, zinazimia, na mwanafunzi akikosea zinaweza hata "kufa" na kuanzishwa upya baada ya dakika chache.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko umeme. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa mkunga mmoja, Angélique du Coudray, kazi ya kuzunguka nchi nzima akiwafundisha wakunga wa vijijini. Bi du Coudray alikuwa ametengeneza kiuno cha mwanamke cha vitambaa na ngozi, na mtoto wake ndani, ili wanafunzi washike kwa mikono namna mtoto anavyogeuka na kutoka. Mmoja wa wanasesere hao amehifadhiwa hadi leo katika mji wa Rouen. Miaka 200 baadaye, mwaka 1960, mtengenezaji wa midoli wa Norway, Asmund Laerdal, alitoa Resusci Anne, mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kujifunzia kupuliza pumzi na kukandamiza kifua. Karibu kila aliyepita kozi ya huduma ya kwanza duniani amewahi kumpigia magoti yeye au mmoja wa ndugu zake.

Kompyuta iliingia mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Southern California kilionyesha Sim One, mgonjwa wa plastiki aliyepepesa macho, aliyepumua, na aliyebadilika kulingana na dawa aliyopewa. Kazi yake ilikuwa kuwafunza madaktari wa nusukaputi kupitisha mpira wa hewa kooni. Ilikuwa ghali mno, ikatengenezwa moja tu. Miaka ya 1980 wataalamu wa nusukaputi, akiwemo David Gaba wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walirudi kwenye wazo hilo wakiwa wamewatazama marubani: mtu anayebeba abiria hufanyia mazoezi hitilafu ya injini ardhini mara nyingi, ili siku inapotokea angani isiwe mara yake ya kwanza. Kwa nini anayemlaza mgonjwa usingizi asifanye hivyo?

Roboti kubwa ya leo hufanyaje kazi? Kifuani, badala ya mapafu, kuna mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa, hivyo kifua hupanda na kushuka. Spika ndogo zimefichwa pale pale ambapo daktari huweka kifaa chake cha kusikilizia. Mwanafunzi anaweza kusikia hewa ikiingia vizuri upande wa kulia na kimya upande wa kushoto, akaanza kuwaza pafu lililosinyaa. Mapigo ya mkononi na shingoni yanatokana na vifaa vidogo vinavyotikisa mrija chini ya ngozi ya mpira. Presha ikishushwa, mapigo ya mkononi hupotea kwanza na ya shingoni yakabaki kidogo, kama inavyotarajiwa kwa binadamu anayepoteza damu. Mboni za macho hupanuka na kusinyaa zinapomulikwa. Mkono una mishipa inayopokea sindano na dripu. Chini ya mfupa wa kidari kuna vipimo vinavyosoma kina na kasi ya mkandamizo: kwa mtu mzima inatakiwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na skrini inakuambia hapo hapo kama unachoka. Binadamu aliyesimama pembeni hawezi kuyapima hayo kwa macho. Kwa kazi hii mashine inamshinda mkufunzi yeyote.

Zipo zilizokwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Showa, Tokyo, kina Hanako, roboti ya kuwafunza madaktari wa meno, inayokukunjia uso ukiiumiza. Kampuni ya Gaumard ya Miami ilitoa mwaka 2018 roboti ya mtoto wa kiume wa miaka mitano inayofuata kidole kwa macho, inayotoa machozi na kuita mama yake. Bei yake iliripotiwa kuwa karibu dola 48,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100.

Kuna jambo ambalo brosha za wauzaji hulipita haraka: nani anaamua roboti iugue vipi? Njia ziko mbili. Katika ya kwanza, programu ina hesabu za mwili wa binadamu. Ukiiambia mgonjwa amepoteza lita moja na nusu ya damu, yenyewe inakokotoa presha, mapigo na oksijeni, na inaendelea kubadilika kulingana na dripu na dawa unazotoa. Katika ya pili, mkufunzi amekaa nyuma ya kioo au na tableti kona ya chumba, na yeye ndiye anayeshusha presha mwanafunzi akichelewa, na kuipandisha akifanya sawasawa. Roboti nyingi huchanganya njia zote mbili. Maana yake ni kwamba hata iliyo ghali kuliko zote inahitaji mtu anayejua ugonjwa, anayejua kufundisha na anayeijua mashine. Ukimkosa mtu huyo, umenunua kitanda chenye sanamu.

Mtu huyo pia ndiye anayeipa roboti ulimi. Sauti zilizorekodiwa kiwandani kwa kawaida ni za Kiingereza, na mgonjwa wa Buguruni hasemi hivyo. Anasema "naishiwa nguvu", "moyo unanienda mbio", "nasikia kizunguzungu", au ananyamaza kabisa kwa kuona aibu mbele ya kijana aliyelingana na mwanawe. Mkufunzi mwenye kipaza sauti anaweza kuyaleta yote hayo chumbani. Anaweza kuwa bibi anayemwita daktari "mjukuu wangu" huku akikwepa kusema kwamba alikunywa dawa za kienyeji jana. Zoezi lisilo na maneno hayo linamwandaa tarajali kwa wodi ya nchi nyingine.

Sasa twende kwenye swali gumu. Je, inasaidia? Je, tarajali aliyefanya vizuri kwa mgonjwa wa plastiki hufanya vizuri kwa mgonjwa wa kweli?

Jibu bora ninalolijua limetoka hapa hapa Tanzania, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Mwaka 2010 yalizinduliwa kimataifa mafunzo yajulikanayo kama Kusaidia Watoto Kupumua. Kifaa chake kikuu ni mwanasesere mchanga aitwaye NeoNatalie. Hana kompyuta. Unamjaza maji ya uvuguvugu apate uzito na ulegevu wa mtoto halisi, na mkufunzi hubonyeza vipira vidogo kumfanya alie, apumue au kitovu chake kidunde. Kifua chake kinapanda kwa sharti moja tu: shingo iwe imenyooshwa ipasavyo na barakoa iwe imeziba. Lengo la mafunzo ni dakika ya dhahabu: mtoto ambaye hajapumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo aanze kupuliziwa hewa kabla dakika moja tangu kuzaliwa haijaisha.

Katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini mwaka huo huo kulichapishwa matokeo ya hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ambayo kwangu mimi yanafundisha zaidi. Huko watumishi walipata kozi ya siku moja. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya kozi. Walipotazamwa wakiwa kazini na watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Ujuzi ulikuwepo, umebaki kwenye chumba cha semina.

Haydom walichofanya baada ya hapo hakikuhitaji mashine ya bei kubwa. Mwanasesere alihamishiwa jirani na leba, na watumishi wakawa wanafanya zoezi la dakika chache mara kwa mara, hapo hapo kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mwanasesere alikuwa yule yule na somo lile lile. Kilichoongezeka ni ukaribu wake na leba na idadi ya mara alizoshikwa.

Kutoka kwenye mbegu hiyo ukakua mpango wa Safer Births, ulioongozwa na watafiti wa Haydom, akiwemo Dk. Benjamin Kamala, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Hapo ndipo teknolojia ilipopanda daraja moja. Mwanasesere mpya, NeoNatalie Live, ana vipimo ndani na anaongea na tableti. Mkunga anaweza kufanya zoezi akiwa peke yake saa tisa usiku, na mashine ikamwambia hewa ilivuja, ulipuliza haraka mno, uliacha kupuliza kwa sekunde nyingi. Inaweza pia kuwa mtoto mwenye mapafu magumu leo na mepesi kesho, mkunga asizoee mtoto wa aina moja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2025, yakiwa na zaidi ya akina mama 280,000, yalionyesha vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Ni haki kuongeza kwamba mpango huo ulikuwa pia na vifaa vya kupimia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na wahamasishaji ndani ya kila hospitali, na kwamba mafanikio hayakuwa sawa kila mkoa. Asiyetaja hayo anauza mwanasesere.

Dar es Salaam haimo katika orodha ya mikoa hiyo, na hali yetu ina sura yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Leba za hospitali zetu za rufaa za mkoa hazipumziki. Lakini tofauti ninayoiona kubwa kuliko idadi ni mzunguko wa watu. Tarajali hukaa mwaka mmoja tu, tena anahamishwa kutoka idara hadi idara. Muuguzi anahamishwa wodi. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache leba inapata mikono mipya, na semina iliyofanyika Januari haimsaidii aliyeripoti Julai. Ujuzi wa kuokoa maisha nao hufifia ndani ya miezi hata kwa aliyefundishwa vizuri. Mji wa namna hii unahitaji kona ya mazoezi iliyo wazi muda wote, ambapo mgeni yeyote anapitishwa kabla ya zamu yake ya kwanza. Chumba kizuri cha mazoezi chuoni hakitoshi, kwa sababu aliyehitimu huenda asiruhusiwe tena kuingia, na hata akiruhusiwa hatapata nafasi ya kwenda Upanga, kilipo chuo, katikati ya zamu ya Temeke.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye namba, na ningependa wakuu wa hospitali waipe uzito. Katika wodi zetu heshima ni nzito. Muuguzi wa mwezi wa kwanza akiona daktari bingwa anakosea dozi, atasema nini? Wengi hunyamaza. Tarajali aliyelemewa anaona aibu kumpigia mkubwa wake simu usiku. Zoezi la roboti linaweza kupangwa makusudi kwa ajili hiyo: anayeigiza daktari mkubwa anaagiza dozi isiyo sahihi, na muuguzi mgeni anatakiwa kupata maneno. "Samahani dokta, naomba turudie dozi hiyo." Sentensi hiyo inahitaji kutamkwa kwa sauti mara kadhaa mbele ya mgonjwa asiyeweza kudhurika, mpaka ulimi uizoee. Adabu inabaki pale pale, na mgonjwa anapona.

Ndiyo sababu wanaofundisha kwa njia hii husisitiza mazungumzo baada ya zoezi. Zoezi likichukua dakika 10, mazungumzo yanaweza kuchukua 20. Mkufunzi hatakiwi kuanza na "umeua mgonjwa". Anauliza: uliona nini, ulidhani ni nini, kwa nini ulisubiri? Hapo hutokea mambo ambayo hakuna kipimo cha umeme kingeyanasa, kwa mfano kwamba watu watatu walidhani mwenzao ameshaita msaada. Mkufunzi aliyelelewa kwa kufokewa hufoka, na roboti ya shilingi milioni 100 inageuka kuwa njia mpya ya kuaibisha vijana. Fedha ya kumfunza mkufunzi itengwe kabla ya fedha ya mashine.

Wakati mwingine mashine bora ni ile iliyo nusu mtu. MamaNatalie ni tumbo na mfuko wa uzazi wa bandia ambao mkufunzi hujifunga mwenyewe. Anakaa kitandani, "anajifungua", kondo la nyuma linatoka au linagoma, na damu ya rangi inaanza kumwagika kutoka kwenye mfuko uliofichwa. Mwanafunzi lazima asugue tumbo, achome oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, aite msaada, na wakati huo huo amjibu mama anayemshika mkono na kuuliza, "Mwanangu, nakufa?" Roboti ya umeme inaweza kupima mengi, lakini bado sijaona inayoweza kumtazama mkunga machoni namna hiyo.

Ngozi nayo inahitaji kusemwa. Wanasesere wengi wa zamani ni weupe, na baadhi ya roboti huonyesha ukosefu wa oksijeni kwa taa ya bluu kuzunguka mdomo. Tarajali aliyejifunzia hapo akija Mbagala atangoja bluu ambayo huenda asiione usoni kabisa. Kwa wagonjwa wetu unatazama ulimi na ndani ya midomo; upungufu wa damu unautafuta kwenye utando wa ndani ya kope na viganja; manjano kwenye weupe wa macho. Matoleo yenye ngozi nyeusi yapo, yaagizwe hayo. Hata hivyo rangi ya plastiki peke yake haitoshi: mkufunzi amlazimishe mwanafunzi kufunua kope na kutazama ulimi kila mara, hata kama mwanasesere hana cha kuonyesha.

Kisha kuna hewa ya Dar yenyewe. Joto na unyevu wa bahari huuma vifaa vya umeme, vumbi huziba kompresa, umeme ukikatika betri ndiyo tegemeo, na ngozi ya mpira hupasuka pale sindano zinapopita kila siku. Mashine iliyokuja kama msaada bila vipuri huishia kufunikwa shuka. Tuna vijana wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na ningependa kila mkataba wa roboti ya mafunzo uwe na kifungu cha kuwafundisha wao kuifungua na kuitengeneza. Vitu vingine wanaweza kuvitengeneza kabisa: mkono wa kujifunzia kuchoma sindano, au boksi lenye kamera ya simu la kujifunzia upasuaji wa matundu madogo, havihitaji kusafirishwa kutoka ng'ambo.

Kwa hospitali inayofikiria kununua au inayoahidiwa msaada, ningeanza na wanasesere wawili wa kawaida karibu na leba na wodi ya watoto wachanga, na jina la mtu kwenye ratiba ya zamu, mtu ambaye kazi yake ya saa hiyo ni kuwaita wenzake dakika tano wafanye zoezi. Roboti kubwa ina nafasi yake kwa timu za nusukaputi, wagonjwa mahututi na dharura, ambako matukio ni adimu na kila kosa ni zito. Moja inaweza kutumiwa na hospitali kadhaa za mkoa kwa zamu. Kabla ya kusaini, mganga mfawidhi amuulize muuzaji nani ataiendesha mwaka wa tatu, kompresa ikifa inatengenezwa wapi, kama mkufunzi anaweza kusema Kiswahili kupitia spika yake, na kama kumbukumbu za mazoezi zinabaki hospitalini au zinapelekwa kwenye kompyuta ya kampuni. Na amwite muuguzi mfawidhi wa leba kwenye kikao hicho, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni saa ngapi za usiku mikono mipya huachwa peke yake.